Kipimo cha skrini hakipimi karatasi

Ndugu Mhariri,

Wenye studio za picha hapa Bukavu, msinunue kipimarangi cha skrini mkitarajia kirekebishe nyuso zinazotoka nyekundu kwenye karatasi. Hicho husoma mwanga wa skrini tu! Karatasi inahitaji spektrofotometa, yenye taa yake ndani. Mpya ni ghali mno. Tafuteni ColorMunki Photo iliyokwisha kutumika, muiendeshe kwa ArgyllCMS, programu ya bure.

Mnapochapa jedwali la vipande vya rangi, ambalo kifaa hicho hulipima ili kutengeneza profaili (faili ya kusahihisha rangi za printa kwa wino na karatasi yenu), zimeni usimamizi wa rangi wa printa, la sivyo rangi zitasahihishwa mara mbili. Hapo ndipo wengi hukosea. Acheni wino ukauke saa 24 kabla ya kupima. Mkibadilisha wino au aina ya karatasi, tengenezeni profaili mpya.

Mchapaji picha,
Ibanda, Bukavu