Barua ya wazi kwa Waziri wa Afya: watu wanajidunga dawa ya ng'ombe na mimi ndiye ninayewauzia

Mheshimiwa Waziri, shikamoo.

Mimi nauza dawa za mifugo huku Kilosa, mwaka wa tisa sasa. Nakuandikia wewe na sio Waziri wa Mifugo, japo nae naomba aisome, kwa sababu kuna wateja wangu wanaonunua dawa na hawana ng'ombe hata mmoja.

Nikueleze ya mwezi uliopita. Kaja baba mmoja, mtu mzima, kaomba ivermectin ya sindano, ile dawa ya mifugo ya kuua minyoo na wadudu wa ngozi, chupa ya mili 50 na bomba la mili 10. Nikamuuliza kama kawaida, ng'ombe wangapi mzee wangu, tupige dozi? Kakaa kimya kidogo halafu akaniuliza kwa sauti ya chini, "Mtu wa kilo sitini anachoma ngapi?" Nikamwangalia mikono. Katikati ya vidole kumechubuka kote, vidonda vimekauka na vingine vibichi, akanambia nyumbani wako saba na wote wanajikuna, usiku watoto hawalali. Zahanati alienda, akapewa chupa ya dawa ya kupaka ya kumtosha mtu mmoja, na sisi tunaoshughulika na mifugo tunajua kabisa upele ukimtibu mmoja ukawaacha sita ni sawa na hujatibu, wiki mbili tu unarudi palepale.

Sasa kilichonitisha ni kwamba haikuwa mara ya kwanza. Alishajidunga kabla, mili 5 kwenye paja, kwa bomba aliloazima kwa jirani, bomba hilohilo la ndama. Paja likavimba likawa gumu kama jiwe, akatapika, akawa anaona vitu viwili viwili siku nzima. Lakini muwasho ukapungua Mheshimiwa, ndo maana alirudi, na hapo ndipo wengi mnaotoa matangazo mnapokosea, mnadhani mtu anafanya kwa ujinga wakati yeye kaona kwa macho yake imemsaidia.

Hebu tufanye hesabu pamoja. Dawa ile ya ng'ombe ina miligramu 10 kwa kila mili, na mwongozo wake ni mili 1 kwa kilo 50 za mnyama. Mili 5 ni miligramu 50. Kidonge cha binadamu, kile kile mnachotumezesha kwenye kingatiba ya usubi unaopofusha macho na matende na mabusha, kina miligramu 3, na mtu mrefu kabisa anapimwa kwa ile fimbo anapewa vinne, basi. Kwahiyo yule baba alijidunga kama vidonge 16 na ushee kwa mkupuo, tena dawa ambayo ule mchanganyiko wa kuiyeyushia umetengenezwa kuchomwa chini ya ngozi ya ng'ombe na sio kwenye nyama ya mtu. Ivermectin ikizidi mwilini inafika hadi kwenye ubongo, mtu anayumba, macho yanaona ukungu, anaweza kupata degedege akapoteza fahamu.

Najua kuna watakaosema dawa ni ile ile. Ndio, kiini ni kile kile na sibishi hata kidogo, hii dawa ilianza kwa mifugo miaka ya 1980 mwanzoni, na mwaka 1987 Merck wakaanza kuitoa bure kwa binadamu kwa ajili ya usubi, na waliogundua chanzo chake, Satoshi Ōmura wa Japani na William Campbell, walipewa Nobel mwaka 2015. Ni dawa ambayo huku kwetu Morogoro, nenda Mahenge kaulize wazee, imewaokoa watu macho. Mimi naiheshimu sana. Ndo maana inaniuma kuona inachotwa kwa kukadiria.

Na Mheshimiwa naomba sana msije mkafanya kama Marekani. Mwaka 2021 wakati wa korona watu kule walikuwa wanakula ile dawa ya farasi ya kwenye mrija, mrija mmoja ni wa farasi wa zaidi ya kilo 500, na mamlaka yao ya dawa FDA ikaandika mtandaoni kwamba nyie sio farasi, nyie sio ng'ombe, acheni. Watu wakacheka, waliokuwa wanatumia wakaona wametukanwa wakazidi kukaza shingo, kesi ikafunguliwa na mwaka 2024 FDA ikakubali kuyafuta yale maandishi. Na tafiti kubwa zilishaonyesha kwa korona haikusaidia, lakini nani aliyekuwa anasikiliza tena? Ukishamwita mtu ng'ombe umempoteza, hata ukimletea ukweli mikono miwili.

Halafu kuna hili la Kwale, hapo Kenya. Mwaka 2025 zilitoka taarifa za utafiti wao, watu wa vijijini walipewa vidonge vya ivermectin mara moja kwa mwezi kwa miezi mitatu, maambukizi ya malaria kwa watoto wa miaka 5 hadi 15 yakapungua kwa asilimia 26 kwa sababu mbu akinyonya damu yenye hiyo dawa anakufa. Habari nzuri sana, nilifurahi. Ila kwenye magrupu ya WhatsApp ilipofika ilikuwa imeshageuka kuwa "ivermectin inatibu malaria" na nikaanza kuulizwa hapa dukani. Hakuna aliyesambaza kwamba walipimwa uzito, kwamba mtoto chini ya kilo 15 hakupewa wala mama mjamzito, kwamba haitibu mgonjwa aliyeshaugua. Nani huku kijijini angewaambia? Mimi najaribu lakini mimi ni muuza dawa ya kupe.

Nisemee na OTC pia, yaani oxytetracycline, antibaiotiki ya sindano ya mifugo, maana ndo inauzika kuliko zote. Kikohozi, kisonono, kidonda, mtu anajidunga OTC ya ng'ombe, anaacha akijisikia nafuu. Na dawa ya kuogeshea mifugo, kuna mama aliwahi kumwoshea binti yake nywele kwa sababu ya chawa, mtoto akaanza kutoka jasho na udenda mwingi, walikimbizwa kwa bodaboda usiku. Alipona, namshukuru Mungu, ila chupa ilitoka kwenye shelfu langu na silali vizuri nikikumbuka.

Mheshimiwa, TMDA, Mamlaka ya Dawa na Vifaa Tiba, ni moja na inasajili dawa za watu na za mifugo, kwahiyo hili liko ndani ya uwezo wako. Vidonge vya ivermectin kwa nini huku vijijini tuvione tu wakati wa kingatiba? Shirika la Afya Duniani liliiweka kwenye orodha ya dawa muhimu kwa ajili ya upele tangu 2019. Iwepo zahanati mwaka mzima, iwepo maduka ya dawa muhimu, na mgonjwa wa upele akija aulizwe mko wangapi nyumbani wapewe wote. Lebo za chupa zangu nyingi ni Kiingereza kitupu, na yule baba hajui kusoma Kiingereza, pangeandikwa SI KWA BINADAMU kwa maandishi makubwa angalau ningekuwa na cha kumwonyesha. Na sisi wauzaji mtufundishe, msije tu na msako mkatufungia, mkifunga langu watanunua mnadani kwa mtu aliyetandaza chini kwenye turubai asiyeuliza hata swali moja.

Yule baba sikumuuzia. Nilimpigia simu dada mmoja wa duka la dawa Morogoro mjini, vidonge vikatumwa kwa basi, alilipa zaidi ya mara mbili ya chupa ya ng'ombe. Dozi ya kwanza wamemeza wote saba isipokuwa kichanga, ya pili ni wiki ijayo na mpaka leo hela ya kuinunua hajapata. Jumamosi ni mnada, najua atapita hapa dukani.

Wako mtiifu,
Muuza dawa za mifugo, Kilosa