Upendo, nenda Igowole kabla hela ya miti haijaingia

Uyole, Mbeya

Mama Nuru, ndugu yangu,

Kamwene! Habari za Iringa, Baba Nuru na watoto hawajambo? Huku tunamshukuru Mungu, wazima sote, ila baridi imekaza na bei ya viazi imeshuka hadi watu wanaona uvivu kuvichimba. Tumepotezana siku nyingi na habari ni tele, lakini zote zitasubiri tuonane. Leo nina jambo moja na sitaki lilale.

Lusajo alipita hapa akitokea kununua mbao Mafinga. Kaniambia Mama yako pale Igowole kauza ile paini ya bondeni, na mnunuzi atalipa kwa awamu, nyingine benki, nyingine kwenye simu. Nilifurahi mno, maana najua Mama alivyoilinda ile miti na moto miaka yote hiyo. Kisha nikamuuliza Lusajo kaambiwa na nani. Kumbe kaambiwa na vijana wanaopakia mbao stendi! Upendo, stendi inajua kwamba Mama ana hela inakuja, na namba yake ya simu imeandikwa kwa chaki mlangoni pa kibanda chake cha mafuta ya taa, kila apitaye aione. Naogopa wezi wa simu. Nakuomba uende Igowole. Usimpigie tu, nenda ukakae naye.

Hofu hii ina sababu. Ya Mama mkubwa wa Tukuyu hujayasikia, maana mwanzo yeye mwenyewe hakutaka yasikike.

Unamfahamu alivyo. Kawafundisha kusoma watu wasiohesabika pale Rungwe, hesabu anapiga kichwani mpaka leo, na kikundi cha akina mama kanisani hakijawahi kumpa uhazina mtu mwingine. Asubuhi moja yuko shambani anachuma chai, simu ikaita. Kijana, sauti ya adabu: "Shikamoo mama." Akamtaja majina yake yote matatu. Akasema anapiga kutoka huduma kwa wateja, alama zake za vidole hazikusoma vizuri kwenye usajili, na isiporekebishwa sasa hivi laini inafungwa saa sita mchana, salio likiwa humo humo.

Watu wanasema wazee wanaamini vitu vya ajabu. Hiki hakikuwa cha ajabu hata kidogo. Unakumbuka 2019 tulivyopanga foleni za alama za vidole, na wazee wengi namba ya NIDA, ile ya kitambulisho cha taifa, ilikuwa haijatoka? Ilipofika tarehe 20 Januari 2020 laini zikaanza kufungwa kweli, na ya Mama mkubwa ilikuwa mojawapo, akakaa bila simu mpaka namba yake ikatoka. Kwa hiyo huyo kijana alimtishia kwa jambo lililokwisha kumpata.

Na yale majina matatu? Nilisumbuka nayo sana, nikidhani kuna mtu kavujisha kwenye ofisi fulani. Wakala wa pale Mwanjelwa akanionyesha kwa sekunde chache. Unaanza kutuma hela kwenye namba yoyote, jina la mwenye laini linatokea kabla hujathibitisha, unalisoma, unakatisha. Basi. Yeyote mwenye namba ya Mama iliyoko pale mlangoni ana jina lake kamili.

Sasa sikiliza alivyoibiwa, maana hapa ndipo ninapotaka umweleze Mama taratibu, hatua kwa hatua. Yule kijana alimwambia aingie kwenye menyu ya kutuma hela, ila hakuiita hivyo, aliiita "menyu ya uhakiki". Akamsomea namba ya simu, akisema ni namba ya ofisi. "Litatokea jina la mhasibu wetu mama, usishtuke." Kisha "namba ya uhakiki", akaitaja tarakimu moja moja: sita, nne, sifuri, sifuri, sifuri, sifuri. Halafu akamwambia, "Sasa weka namba yako ya siri. Usinitajie mimi mama, hiyo ni siri yako."

Umeona? Kila siku tunawaambia wazee wasimtajie mtu namba ya siri, na Mama mkubwa hakuitaja. Alitii kabisa. Laki sita na arobaini zikaondoka kwa mkono wake mwenyewe: ya chai yake, na kubwa zaidi ya kikundi.

Hakumwambia mtu. Aliuza mtamba wake akarudisha hela ya kikundi, na hakuna hata mama mmoja kanisani aliyejua. Tulikuja kujua kwa sababu mwanawe Gwamaka alikwenda likizo akakuta zizi lina upungufu. Mwanzo alisema ng'ombe alikuwa mgonjwa, baadaye ndipo yakatoka yote. Gwamaka akafoka. Mbele ya wajukuu, akamwambia mwalimu mzima anaibiwa kama mtoto, na kuanzia sasa simu itakaa kwake. Mama mkubwa hakujibu neno.

Na hapa, Upendo, ndipo penye kiini cha barua yangu. Wiki haijaisha, akapigiwa na mtu mwingine aliyejiita askari wa makosa ya mtandao. Eti wamemkamata mwizi, hela imepatikana, inatakiwa elfu sabini ya kufungua jalada ili arudishiwe yote. Wezi huuziana namba za watu waliokwisha kuibiwa, au ni wale wale wanarudi kwa jina jingine. Mtu anayeweza kumuuliza mwanawe angeuliza, na jibu lingepatikana papo hapo, maana polisi hawapigi simu kuomba hela ya jalada. Yeye hakuwa na wa kumuuliza. Alitaka hela irudi kimya kimya, asionekane tena mjinga. Akatuma kwa siri.

Sitaki kumsema Gwamaka vibaya, anampenda mama yake na alifoka kwa uchungu. Lakini ile elfu sabini, ule wizi wa pili, aliifungulia mlango yeye. Mwizi hahitaji mzee asiyejua kusoma. Anahitaji mzee aliye peke yake na jambo, mwenye haraka na aibu. Ndiyo maana kila mmoja wao husema usikate simu na usimwambie mtu.

Kwa hiyo ukifika Igowole, tafadhali usianze na simu. Anza na kumsalimia na kula naye. Halafu mwambie habari ya Mama mkubwa, nimekuruhusu, yeye mwenyewe kaniambia niwaambie wengine. Mwache Mama acheke, ashangae, aseme "mimi siwezi". Kisha mkubaliane neno moja tu: simu yoyote inayotaja hela au kufungwa kwa kitu, anakata, halafu anakupigia wewe. Kata hata kama mtu kaamkia vizuri. Hili litamwia gumu, nakwambia, kwa sababu Mama hajawahi kumkatia mtu aliyempa shikamoo. Mfundishe maneno ya kusema: "Mwanangu nimekusikia, nitampigia binti yangu kwanza." Hayo si ukosefu wa adabu. Mwizi akiyasikia atafoka au atabembeleza, mtu mwema atasubiri.

Na wewe upokee, hata uwe kwenye kikao. Akikupigia kwa jambo la kipuuzi mara nyingi, pokea kila mara kwa sauti ile ile. Siku utakayosema "Mama, si nilishakwambia?" ndiyo siku atakayoacha kupiga.

Mengine ni ya mikono tu. Kampuni zote za simu zikimpigia mteja zinatokea kwa namba 100, kwa hiyo anayejiita huduma kwa wateja kwa namba ya kawaida ni mwongo, asimalizie hata sentensi. Ujumbe wa "ile hela tuma kwenye namba hii" aupeleke 15040, ndiyo ya TCRA, mamlaka ya mawasiliano, ya kupokelea namba za matapeli. Ukiwa hapo piga *106# kwenye laini yake uone namba zilizosajiliwa kwa NIDA yake. Kuna vijana wa kusajili laini wanaomwambia mzee "weka tena kidole, hakijasoma", kumbe wanasajili laini ya pili kwa jina lake na kwenda kuiuza. Angalia pia nyuma ya simu. Mama mkubwa alikuwa na karatasi ya namba ya siri ndani ya kava, na wazee wengi wanayo, kisha wanampa kijana wa kibandani simu yote "nisaidie kutoa". Awe na wakala mmoja anayemfahamu, na namba ya siri aibonyeze mwenyewe.

Kuhusu hiyo hela ya miti, maoni yangu ni kwamba isikae kwenye laini iliyoandikwa mlangoni. Msajilie laini nyingine ambayo ni wewe na mnunuzi tu mnaoijua, na kiasi kikubwa kiingie benki moja kwa moja. Futa ile chaki. Ile simu ya tachi aliyotumiwa na kaka yako kutoka Dar, kama kaweka WhatsApp, mwambie zile tarakimu sita zinazokuja kwa ujumbe asimpe mtu, hata akiombwa na namba ya mchungaji, kwa sababu namba ya mchungaji nayo inaweza kuwa imeibiwa.

Na akija kupigiwa kwamba Nuru kaanguka shuleni anahitaji hela ya vipimo? Hiyo ndiyo inayoniogopesha kuliko zote, maana bibi akisikia mjukuu hafikiri tena. Sisi tumeweka swali la familia, jambo la zamani ambalo halijaandikwa popote. Asiyelijua hapati hata shilingi.

Likitokea lolote, msipoteze muda kulia. Pigeni 100 hapo hapo, maana hela ikiwa bado haijatolewa inaweza kuzuiwa, halafu polisi mchukue RB, ile namba ya taarifa yenu. Mama mkubwa tulikwenda naye, kesi imeandikwa, hela haijarudi. Lakini alivyotoka kituoni alikuwa kanyoosha mgongo, na Jumapili iliyofuata alisimama mbele ya kikundi akawasimulia akina mama mwanzo mpaka mwisho. Wawili wakasema hapo hapo kwamba na wao waliibiwa hivyo hivyo.

Lusajo anasema wezi wote ni wa Sumbawanga. Ni kweli ripoti za TCRA za miezi mitatu mitatu zimekuwa zikiitaja Rukwa, iliko Sumbawanga, na Morogoro juu, lakini Mama asije akaanza kupima watu kwa lafudhi. Atakayempigia anaweza kuongea Kihehe kizuri kuliko changu.

Sasa niambie: hiyo awamu ya kwanza inaingia lini? Mnunuzi mnamfahamu, au ni wa kupita? Nani mwingine ana namba ya siri ya Mama, yule mpwa wako bado anakaa naye? Mama huwa anakupigia mwenyewe, au anasubiri umpigie? Kaka yako ana habari, na mmekubaliana nani apokee simu usiku? Kama huwezi kupata ruhusa kazini, niende mimi? Naweza kupanda basi Ijumaa nishuke Mafinga na kuchukua gari za Igowole, Mama atanipokea, tena nitamletea ndizi za Tukuyu. Nijibu kwa kunipigia, kabla ya Alhamisi kama unaweza.

Shikamoo yangu imfikie Mama. Wasalimie Baba Nuru na Mama Imani, na umwambie Mama Imani kitenge chake kiko kwangu.

Ndaga fijo,
Atupele