Gitaa la besi lisilo na kichwa lisihukumiwe kwa sura

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wa barua niseme machache kuhusu gitaa la besi lisilo na kichwa, ambalo mwandishi wenu wa safu ya muziki alilitaja hivi karibuni kwa sentensi mbili tu, akidai kuwa ni pambo la jukwaani ambalo mpiga besi wa kweli hana haja nalo. Nimepiga besi kwa zaidi ya miaka ishirini, nusu ya kwanza kwa magitaa ya kawaida na nusu ya pili kwa yasiyo na kichwa, na kwa muda wote huo nimekuwa nikiwatengenezea wenzangu vyombo vyao vinapoharibika. Gitaa hili lina kasoro zilizowahi kuniumiza, nami sitazificha. Ninachokipinga ni kulihukumu kwa macho, ilhali faida zake na hasara zake ziko begani, vidoleni na katika pakiti ya nyuzi.

Katika gitaa la kawaida, nyuzi hufungwa upande mmoja kwenye daraja lililo juu ya kiwiliwili, na upande wa pili huzungushwa kwenye vigingi vilivyopangwa kichwani, mbele ya shingo. Lisilo na kichwa hugeuza mpangilio huo: shingo inakatika mara tu baada ya freti ya kwanza (freti ni vile vipande vyembamba vya chuma vinavyogawa shingo) na kijiti kinachoshikilia nyuzi, ncha za nyuzi zinabanwa hapo hapo, na kazi yote ya kukaza na kulegeza inahamishiwa kwenye vifundo vilivyo darajani, chini ya mkono wa kulia.

Aliyeufanya mpango huu ujulikane duniani ni Ned Steinberger, Mmarekani aliyekuwa mbunifu wa samani mjini New York, wala hakuwa fundi wa magitaa kwa asili yake. Naamini ndiyo maana alithubutu kuuliza swali ambalo mafundi hawakuliuliza: kichwa hiki kina kazi gani? Tangu Leo Fender alipotoa besi yake ya umeme yenye freti mwaka 1951, kila mtu alikichukulia kichwa kuwa sehemu ya gitaa kama mkia ulivyo sehemu ya ng'ombe. Besi ya Steinberger iitwayo L2, iliyoenea mwanzoni mwa miaka ya 1980, haikuwa na kichwa, haikuwa na pembe, na haikuwa hata ya mbao. Iliundwa kwa nyuzinyuzi za kaboni zilizogandishwa kwa epoksi, aina ya gundi inayokauka na kuwa ngumu. Geddy Lee, mpiga besi wa kundi la roki la Rush la Kanada, aliipiga, na Sting, mwimbaji na mpiga besi wa kundi la The Police, pia aliipiga. Nchini Uingereza, Mark King, mpiga besi wa kundi la Level 42, alijulikana kwa besi za kampuni ya Status, ambazo shingo zake nazo zilijengwa kwa kaboni. Hawa si watu waliokosa gitaa la kushika.

Sasa nije kwenye bega. Shingo ya besi ni ndefu: kutoka darajani hadi kile kijiti kilicho mwisho wa shingo, uzi wa besi nyingi una urefu wa inchi 34, yaani takriban sentimita 86. Mbele ya urefu huo wote unaning'iniza kipande cha mbao chenye vigingi vinne vya chuma, au vitano, au sita. Aliyewahi kubeba mzega ambao ndoo nyepesi iko mbali na bega na nzito iko karibu nalo ataelewa ninachosema, kwamba uzito mdogo ulio mbali na bega unaweza kuwa na nguvu kuliko uzito mkubwa ulio karibu nalo. Mpigaji akiachia mkono wa kushoto, shingo inazama kuelekea sakafuni. Basi mkono ule unaotakiwa kutafuta nota unageuka kuwa mkono wa kubebea, dole gumba linabana nyuma ya shingo, kifundo cha mkono kinakunjwa, na baada ya saa tatu za kazi usiku mtu anarudi nyumbani akidhani amechoka kwa sababu ya kupiga, kumbe amechoka kwa sababu ya kushikilia.

Ndivyo nilivyokuwa mimi. Kwa miaka kadhaa nilikuwa na maumivu yaliyoanzia shingoni, yakapita begani na kushuka hadi kwenye kiwiko cha kushoto. Nilibadilisha mikanda, nikanunua mipana yenye sifongo, nikajifunza kusimama upya. Nilipolivaa gitaa lisilo na kichwa kwa mara ya kwanza, nililiachia kwa mikono yote miwili nalo likakaa pale pale lilipokuwa. Mkono wangu wa kushoto ulikuwa huru, na kwa mara ya kwanza niliona jinsi nilivyokuwa nimezoea kubana shingo bila sababu. Sidai kwamba chombo hiki ni dawa ya mgongo, kwa sababu besi ya aina hii nayo inaweza kuwa nzito, hasa ikitengenezwa kwa mbao ngumu. Nasema tu kwamba uzito unapokaa katikati ya mwili, mwili unauvumilia kwa namna nyingine kabisa.

Hata hivyo kuna jambo ambalo wauzaji hawalisemi. Kutokuwa na kichwa peke yake hakuleti mizani nzuri. Katika gitaa la kawaida, ile pembe ndefu ya juu inayoshika mkanda ndiyo inayoamua gitaa linaning'inia wapi mbele ya kifua. Watengenezaji wengine wanakata kichwa, kisha kwa kupenda udogo wanakata na pembe. Matokeo yake gitaa zima linasogea kuelekea kushoto, na freti ya kwanza inakuwa mbali kiasi kwamba mwenye mkono mfupi analazimika kunyoosha bega ili aifikie. Gitaa kama hilo limeondoa maumivu ya aina moja na kuleta ya aina nyingine. Ukikaa nalo kitini, kiwiliwili chake kidogo kinateleza pajani, ndiyo maana baadhi ya yaliyo madogo sana yamewekewa kiegemeo cha kukunjua. Kwa hiyo anayetaka kununua alivae kwanza, asimame nalo kwa nusu saa, kisha akae nalo, kabla ya kutoa fedha.

Kuhusu kutyuni, yaani kulinganisha sauti za nyuzi, hapa ndipo nilipovutiwa zaidi, na nadhani ndipo mwandishi wenu alipolikosea haki gitaa hili. Kwenye kigingi cha kawaida uzi unazungushwa mara mbili tatu, kisha unapita juu ya kijiti ukiwa umepinda, na kila mzunguko na kila msuguano ni mahali ambapo uzi unaweza kunasa na kulegea baadaye katikati ya wimbo. Kwenye daraja la besi isiyo na kichwa, skrubu inavuta uzi moja kwa moja, kwa mstari ulionyooka. Steinberger mwenyewe alitumia uwiano wa kugeuza wa 40 kwa 1, wakati vigingi vingi vya besi viko karibu na 20 kwa 1, kwa hiyo kidole kinaweza kusogeza sauti kwa kiasi kidogo sana bila kuruka nota. Kuna starehe nyingine: ninapozilinganisha nyuzi kwa sauti zile nyembamba za kugusa juu ya freti ya tano na ya saba, nageuza kifundo kwa mkono wa kulia huku sauti bado inalia. Kwenye gitaa la kawaida, mkono wa kushoto lazima uache nyuzi na kukimbilia kichwani.

Hasara yake ni kwamba vifundo hivyo ni vidogo, vimesongamana, na uzi mnene wa E unapokaribia mkazo wake kamili vinakuwa vigumu kiasi cha kuumiza vidole. Tena skrubu ina mwisho wa safari yake. Uzi mpya ukinyooka sana, inabidi kuulegeza, kuuvuta na kuubana upya, kazi ambayo mtu hawezi kuifanya jukwaani huku wenzake wanamsubiri.

Wapo wanaosema kwamba bila kichwa sauti inakosa uzito. Nimesikiliza sana, na sikubaliani nao. Katika besi nyingi za mbao, kwenye uzi wa G, mahali fulani kati ya freti ya tano na ya saba, kuna nota inayokufa haraka kuliko jirani zake. Chanzo chake ni shingo yenyewe, ambayo pamoja na uzito wa kichwa hutikisika kwa mrindimo wake wa asili, na nota inayokaribiana na mrindimo huo inanyonywa nguvu. Mafundi wanalijua hili, ndiyo maana baadhi yao hubandika kibanio kizito kichwani ili kuihamisha kasoro hiyo. Ukiondoa kichwa, uzito wa mwisho wa shingo unapungua, mrindimo wake unapanda, na ile nota iliyokuwa inakufa inaweza kupona. Nasema inaweza, kwa kuwa pengine kasoro inahamia tu mahali pengine. Shingo ya kaboni, kwa ugumu wake, inasaidia zaidi, lakini hiyo ni sifa ya kaboni zaidi kuliko ya kukosa kichwa, na watu wengi wanachanganya mambo haya mawili kwa sababu yalizaliwa pamoja katika gitaa moja. Ule mlio mkavu na sawasawa wa besi za miaka ya 1980, ambao wengine wanauita baridi, ulitokana kwa sehemu kubwa na kaboni na pikapu (vinasa sauti vya gitaa) zenye betri. Besi ya mbao isiyo na kichwa, mtu akifumba macho, ni besi tu.

Kasoro kubwa kuliko zote, Ndugu Mhariri, ni nyuzi. Uzi wa kawaida una kitufe cha shaba upande mmoja tu. Besi za Steinberger, na nyingine za wakati ule zilizotumia daraja lake, ziliundwa kwa nyuzi zenye vitufe pande zote mbili na zenye urefu kamili uliopimwa kiwandani. Uzi wa namna hiyo unabadilishwa kwa dakika moja na ukishaupata utaufurahia. Shida ni kuupata. Besi yangu ya kwanza ya aina hii niliuziwa na mtu ambaye hakunieleza habari hiyo hata kidogo, nami kwa ujinga wangu sikuuliza. Uzi wa D ulikatika jioni ya kazi, na kila uzi niliokuwa nao kwenye mkoba ulikuwa wa kitufe kimoja. Nilipiga onyesho zima kwa nyuzi tatu, nikiruka na kutafuta nota mahali ambapo hazikuwa, na wiki kadhaa zilipita gitaa likiwa ukutani kama picha. Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Wale wanaolisifu bila kulimiliki hawajapitia siku kama hiyo.

Magitaa ya miaka hii yamelitatua tatizo hilo kwa kiasi kikubwa. Watengenezaji Strandberg, na Ibanez katika besi zake za EHB zilizoanza mwaka 2020, wameweka vibanio vinavyopokea uzi wa kawaida: unaupitisha, unaukaza kwa kifunguo kidogo cha pembe sita kama kile cha mafundi wa baiskeli, kisha unakata kilichobaki. Hapo nawaomba wasomaji wazingatie mambo mawili. Ukunje uzi kwanza mbele ya kibanio ndipo uukate, vinginevyo waya uliozungushwa nje utafumuka ndani na uzi utapoteza sauti. Na kifunguo kile kikae ndani ya mkoba wa gitaa siku zote, kwa kuwa bila hicho huwezi kubadilisha hata uzi mmoja.

Hasara nyingine nazipitia kwa haraka. Huwezi kulitundika kwenye ndoano ya kawaida ya ukutani inayoshika kichwa. Kipima sauti cha kubana kichwani hakina pa kukaa. Kile kiwiko kidogo cha kushusha uzi wa E hadi D kwa mara moja hakifungiki, kwa kuwa kimetengenezewa kigingi cha kichwani. Kipuri cha daraja kikivunjika, fundi hawezi kukiazima kutoka gitaa lolote, lazima kiwe kile kile. Mwanafunzi aliyezoea kuona kichwa kwa pembe ya jicho hupotea mwanzoni, akapiga freti ya pili akidhani ni ya kwanza, ingawa baada ya majuma machache jambo hilo huisha.

Kwa upande wa usafiri, besi ya kawaida ina urefu wa karibu sentimita 117, na nyingi zisizo na kichwa hazifiki mita moja. Anayepanda basi lililojaa, au anayepiga kwenye jukwaa dogo ambapo kichwa cha gitaa kiko karibu na sikio la mpiga ngoma, hahitaji kuelezwa zaidi. Tena kichwa ndicho mahali ambapo magitaa mengi huvunjika yanapoanguka. Vigingi navyo hugongwa na milango na kupoteza sauti kabla hata mtu hajafika.

Kwa hayo yote, ushauri wangu kwa anayeanza kujifunza ni kwamba achukue la kawaida, kwa sababu nyuzi, vipuri na mafundi wake ni rahisi kupatikana, na mwili wa kijana unavumilia. Lakini kwa anayepiga kila wiki kwa saa nyingi, na hasa anayehisi ganzi katika mkono wa kushoto, namsihi asilipite gitaa hili kwa sababu tu linaonekana kama limekatwa. Naomba pia mwandishi wenu, atakapolirudia jambo hili, alivae moja kwa jioni nzima ya kazi, kisha atuandikie bega lake lilisema nini.

Wako katika muziki,
Mpiga besi na msomaji wenu wa siku nyingi