Mheshimiwa Mkuu wa Wilaya, vigingi vya mita 60 viko wapi?

Mheshimiwa,

Shikamoo, na pole na majukumu. Barua zangu za kwanza nilizileta ofisini kwako kwa mkono. Hazikujibiwa, ndiyo maana hii naiandika hadharani, kukukumbusha vigingi ulivyoahidi vya kuzuia uchimbaji wa mchanga ukingoni mwa ziwa.

Alhamisi iliyopita matipa yaliingia tena mwaloni kwetu, pale mto unapomwaga maji Ziwa Victoria. Vijana walichota mchanga mpaka maji yakawafika kiunoni, na kila chepe lilikuja na kombe, wale viumbe wa majini wenye magamba mawili. Mchanga ukapakiwa, kombe wakaachwa juani. Hadi jioni walikuwa wameachama, nyama imekauka, nzi wametanda. Kesho yake akaja mnunuzi wa magamba ya kusagia chakula cha kuku, akazoa wote, hata waliokuwa bado hai.

Wapo watakaosema kombe si jambo la kumsumbua Mkuu wa Wilaya. Mheshimiwa, kombe hujifukia nusu mwili mchangani, akavuta maji huku na kuyatoa kule yakiwa yamechujwa, mchana na usiku. Maji hayo ndiyo tunayochota kwa ndoo. Samaki kamongo anamla, na furu, wale samaki wadogo, wa aina fulani wanamla. Naye kombe hazai akafanikiwa bila samaki: mtoto wake, mdogo kuliko punje ya ulezi, sharti adandie samaki, akae mwilini mwake kwa muda, ndipo adondoke chini aanze kujitegemea. Akidondokea kwenye tope jipya, linamfukia akiwa hai. Na tangu sangara, mla samaki wenzake, aletwe ziwani miaka ya 1950, furu wakaja kupungua vibaya miaka ya 1980, nadhani hata samaki wa kudandia wamekuwa adimu.

Mimi nakaanga samaki hapo mwaloni. Maji ya ukingoni sasa yana rangi ya chai ya maziwa. Ya kupikia nanunua kwa madumu, na fedha ya madumu inatoka kwenye mtaji wa mafuta. Siku nikikosa, binti yangu anakwenda kuchota kule kwenye miamba, anachelewa shule. Mdogo wake haishi kuumwa tumbo. Huenda na dawa za bustani za nyanya kule juu mtoni zinachangia, lakini tope hili lilikuja na matipa.

Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inalinda mita 60 kutoka ukingo wa ziwa. Ni wewe uliyetusomea kifungu hicho kwenye mkutano wa hadhara, ukaahidi vigingi kabla ya mvua za vuli. Tulikupigia makofi. Vuli imepita, masika imepita. Kigingi hakijaonekana hata kimoja, ila risiti za ushuru wa mchanga tunaziona zikikatwa palepale ndani ya mita hizo 60.

Vijana wale siwachukii, wengine nimewalea mwenyewe. Wapelekwe kwenye machimbo ya nchi kavu, mbali na mto. Na kombe waliobaki wana miaka mingi ya kukua. Wakimalizwa mwaka huu, watoto wetu hawatawakuta.

Mheshimiwa, vigingi. Semina na kamati zisubiri. Weka vigingi, na uzuie matipa yasivuke. Siku yao ni Alhamisi. Tafadhali njoo siku hiyo.

Wako mwananchi,
Mama mkaanga samaki, mwaloni