Simuleta ya Kitonga imjue dereva anakosea wapi

Ndugu mhariri,

Mi nina kibanda cha PlayStation hapa Mwanjelwa na vijana wa vyuo wanaosoma kompyuta wakija wananiuliza sana eti watengeneze gemu gani, jibu langu ni moja tu, tengenezeni simuleta, yaani gemu la kujifunzia kuendesha lori, ya kushuka mlima Kitonga kule Iringa na ule mteremko wa Iwambi kule Mbalizi, ila iwe inabadilika kulingana na anayeendesha. Maana hizi za kawaida ukicheza siku mbili umeshakariri, lori linatokea palepale kila siku, hapo hujajifunza kuendesha.

Wenzetu hili walishalianza zamani. Left 4 Dead, gemu la kupigana na mazombi la kampuni ya Valve lililotoka 2008, ina programu ndani yake kazi yake kuwachungulia wachezaji, ikiona mmebanwa inawaacha mpumue, ikiona mmetulia inawashushia kundi zima la mazombi, yaani ukirudia ramani ileile mambo hayafanani. Alafu 2023 watafiti wa Stanford na Google wakaweka watu 25 wa kubuni, wanaoendeshwa na programu ya kompyuta, kwenye kamji ka kuchora, kila mmoja na kumbukumbu zake, mmoja akapewa tu wazo la kuandaa sherehe ya Valentine, basi wakaanza kualikana wenyewe kwa wenyewe!

Sasa mpe hiyo utingo anayejifunza. Programu moja imkodolee mguu, aking'ang'ania breki badala ya kuweka gia ndogo injini ikamate gari, breki zianze kuchemka na kulegea hapohapo. Nyingine iendeshe semi la mbele kama dereva mwenye haraka zake, nyingine iwe bodaboda asiye na taa. Akianza kujiamini sana, ukungu ushuke.

Ila wasiige ile huruma ya gemu la mazombi ya kumwachia mchezaji apumue. Kwenye gemu mteja anatakiwa aburudike, huku akishindwa kona isimrahisishie, irudishe kona hiyohiyo kwa sura nyingine mpaka aiweze, na mwalimu aone kwenye skrini kwanini imebadilika, sio mashine iamue kimyakimya tu.

Na kabla hawajaandika hata mstari mmoja wa kodi waende Tunduma wakakae na madereva wa semi wanaosubiri kuvuka mpaka, wawaulize ni wapi hasa mguu unatetemeka, maana hayo hayapo intaneti.

Mdau wa gemu,
Mwanjelwa, Mbeya