Mabehewa mapya New York: Mama yangu amebebwa kama gunia

Mhariri,

Huu ni mwaka wa kumi na moja nasoma gazeti lenu nikiwa huku Brooklyn, na sijawahi kuwaandikia hata mstari mmoja. Yapo yaliyonifurahisha, yapo yaliyoniudhi, yote nikayapokea kimya. Lakini ile habari yenu ya mabehewa mapya ya treni za chini ya ardhi za New York, ile yenye picha ya abiria wanaocheka mlangoni, imenishinda. Niliisoma jikoni, nikarudia kuisoma, na nilipofika mwisho uji wa mama ulikuwa umeshaungua.

Sisemi mmeandika uongo. Mabehewa hayo nayajua, kwa sababu treni ya A ndiyo inayonipeleka kazini. Ni kweli yalianza kubeba abiria Machi 2023, ni kweli ni mazuri. Yanayoondolewa ni ya miaka ya 1970, yale ya viti vya rangi ya chungwa na manjano, na yeyote aliyewahi kusimama mlangoni mwake saa kumi na moja jioni anajua kubanwa ni nini. Haya mapya yana mwanga, yana kamera kila behewa, na milango imepanuliwa kutoka inchi 50 hadi inchi 58. Kwa anayesukuma kiti cha magurudumu, inchi nane si jambo dogo. Ila mwandishi wenu akaongeza kwamba sasa walemavu na wazee wa jiji hili wanasafiri bila shida. Hapo ndipo nilipokasirika.

Mama yangu ana miaka 74. Mwaka 2021 alipata kiharusi, na tangu hapo mguu wa kulia haumbebi. Amekuja kutoka Dar es Salaam kukaa nami miezi michache, na mwezi uliopita alikuwa na miadi kwa daktari wa macho, Manhattan. Tuliisubiri miadi hiyo miezi mitatu. Tukatoka nyumbani mapema. Lifti ya stesheni ya kwetu ilikuwa nzima, na treni iliyokuja ilikuwa mojawapo ya hizo mpya. Nilifurahi, siwezi kuficha. Kiti kiliingia bila kugusa mlango upande wowote. Mama akazitazama taa za darini, akapapasa nguzo ya kushikia, akaniambia, "Mwanangu, hii ni mwendokasi imepitishwa chini," akimaanisha yale mabasi ya haraka ya Dar. Njia nzima alikuwa anatabasamu.

Tulipofika tunakoshukia tukaukuta mlango wa lifti umekatizwa utepe wa njano. Karatasi imebandikwa hapo, kona moja imeshabanduka, imeandikwa kwamba lifti haifanyi kazi. Asubuhi ile ile nilikuwa nimeangalia kwenye simu, ikaonyesha ni nzima. Nikamfuata mfanyakazi wa stesheni. Alinijibu kwa adabu kwamba lifti hiyo si yao, ni ya wenye jengo lililo juu ya stesheni, na hao wenye jengo ndio wanaopaswa kuitengeneza. Mhariri, hili wasomaji wenu hawalijui na ninyi hamkuliandika: katika jiji hili baadhi ya lifti za kushukia kwenye treni ni mali ya watu binafsi wenye majengo. Ikiharibika, abiria hana wa kumpigia. Kwenye karatasi ile hapakuwa na namba ya simu wala jina. Ushauri tuliopewa ni kupanda tena treni, twende hadi stesheni nyingine yenye lifti, kisha turudi kwa basi. Miadi ilikuwa imebaki dakika ishirini na tano, na pale kliniki ukichelewa wanakupangia upya.

Wakajitokeza watu wanne wa kutusaidia. Kijana aliyevaa nguo za kazi za ujenzi, wanafunzi wawili, na baba mmoja aliyekuwa na begi la vifaa vya fundi bomba. Mungu awalipe, sina neno baya juu yao. Wakakiinua kiti, mmoja kila pembe, na mama juu yake. Nilikuwa nyuma yao nimebeba mkoba wake na viatu, kwa sababu kiatu kimoja kilidondoka ngazi ya tatu nikaona bora nimvue na kile kingine. Nilihesabu vidato 41. Mama alikuwa ameshika khanga yake kwa mikono miwili, ameikaza juu ya magoti isifunuke, na macho ameyafumba. Huyu ni mwanamke ambaye mpaka leo hakai barazani bila kujitanda, ambaye hata mimi mwanawe akinitaka nimwogeshe ananiambia kwanza nizime taa ya korido. Leo anabebwa na wanaume wanne asiowajua, miguu hewani, watu wanapishana naye kwenye ngazi na simu zao mkononi, na mmoja, naapa, akarekodi. Kila kidato kiti kikiyumba nilimsikia akisema "Ya Rabi" kwa sauti ndogo sana. Tulipofika juu akawashukuru wote kwa Kiswahili, mmoja mmoja, kisha akaniomba nimgeuzie kiti upande wa ukuta. Alikaa hivyo dakika tano akijifuta uso kwa ncha ya khanga. Hayo ndiyo mnayoyaita kusafiri bila shida? Mlango wa inchi 58 umemsaidia nini mtu ambaye akishatoka kwenye treni anabebwa kama gunia la mkaa?

Sasa niwape takwimu mlizoziacha. Treni hizi zina stesheni 472. Zile ambazo mtu wa kiti cha magurudumu anaweza kuingia na kutoka mwenyewe hazifiki hata nusu. Sheria ya nchi hii ya haki za watu wenye ulemavu ilipitishwa 1990. Watu wakashtaki, kesi zikaenda miaka, na mwaka 2022 yakatangazwa makubaliano kwamba asilimia 95 ya stesheni zilizobaki zitafikika kwa wote ifikapo 2055. Mwaka huo mama, akijaaliwa uhai, atakuwa amepita miaka 100. Lakini fedha za mabehewa zilipatikana: mkataba wa 2018 na kampuni ya Kawasaki ulikuwa dola bilioni 1.4 kwa mabehewa 535 ya mwanzo, na baadaye yakaagizwa mengine mamia. Tangu Januari 2025 wenye magari wanatozwa dola 9 kuingia katikati ya Manhattan mchana, na tuliambiwa fedha hizo zitanunua treni, mitambo ya ishara na lifti. Treni nimeziona.

Na mama anayo ya kulinganisha. Kule Dar, ambako mwendokasi ulianza 2016, tangu augue anasukumwa kwenye mteremko hadi jukwaani, na jukwaa liko sawa na sakafu ya basi. Msongamano upo, sikatai. Lakini hajawahi kubebwa.

Halafu kuna hili la viti vya pembeni vilivyotengwa kwa wazee na wagonjwa. Vijana wamevikalia, masikio yamezibwa, macho kwenye simu, na mama mjamzito amesimama mbele yao anayumba. Mwaka jana nilimwambia mmoja wao, tena kwa upole, naye alikuwa kijana wa kwetu kabisa, nilimsikia anaongea Kiswahili kwenye simu. Akaniambia nisimpangie. Kijana wa kwetu! Wazazi wake wangesikia wangelia.

Ninachoomba ni hiki. Kila treni mpya ya mabehewa kumi inapopokelewa, isianze kubeba abiria mpaka lifti moja mpya iwe imekamilika na inafanya kazi, na namba ya lifti hiyo iandikwe ubavuni mwa behewa la kwanza ili kila mtu aone treni ile imelipiwa kwa lifti gani. Wenye majengo waandike jina na namba ya simu mlangoni mwa lifti zao, kwa herufi ambazo mtu wa miaka 74 anazisoma bila miwani. Na spika za mabehewa hayo mapya, zinazosikika vizuri, zitutangazie lifti iliyokufa kabla hatujaondoka stesheni ya nyuma yake, si baada ya kushuka.

Ninyi nanyi, mkituma tena mwandishi, asiishie mlangoni mwa treni kupiga picha. Apande hadi barabarani na mtu wa kiti cha magurudumu, kisha ndiyo aandike.

Daktari anataka kumwona mama tena Alhamisi. Jana jioni nilipita kwenye lifti ile nikitoka kazini. Utepe wa njano bado upo, karatasi imeshadondoka.

Msomaji wenu,
Brooklyn, New York