Risala kwa Mgeni Rasmi, Mtangazaji Mkongwe wa Kipindi cha Visiwa vya Karibi

Mheshimiwa Mgeni Rasmi,
Viongozi wa kituo, wasikilizaji, mabibi na mabwana,

Sisi watangazaji wa kujitolea wa kipindi cha Kiswahili katika redio hii ya jamii hapa London tunakushukuru kwa kuitikia mwaliko wetu.

Umefuata nyayo za Una Marson wa Jamaika, aliyeanzisha kipindi cha Caribbean Voices cha BBC mwaka 1943, na Alex Pascall, mzaliwa wa Grenada, aliyeanza kipindi cha Black Londoners mwaka 1974. Wao walikuwa na shirika nyuma yao. Wewe una michango ya wasikilizaji na makabati ya santuri.

Mgeni Rasmi, kazi yako imo katika mambo ambayo wageni wa studio huyadharau mpaka yawakute. Santuri za Jamaika za mizunguko 45 kwa dakika zina tundu pana, karibu milimita 38. Kizibo cha plastiki cha kujaza tundu hilo kikikaa upogo, santuri huyumba na mwimbaji akasikika kama mlevi. Upande wa pili mara nyingi ni muziki uleule bila mwimbaji, na hapo ndipo unaposomea matangazo ya vifo, sauti ya muziki imeshushwa ili kila jina la marehemu lisikike. Kila santuri unaisikiliza yote kabla ya kwenda hewani, maana tusi la Kipatwa, lugha ya mitaani ya Jamaika, lililojificha ubeti wa tatu ni tusi vilevile mbele ya Ofcom, msimamizi wa utangazaji Uingereza.

Anayepiga simu azime redio yake kwanza. Anayesikiliza kwa intaneti hujisikia kwa kuchelewa, akaanza kujijibu mwenyewe. Jamaika nayo haibadilishi saa kama London. Saa moja usiku ya London ni saa nane mchana Kingston wakati wa baridi, lakini kuanzia Jumapili ya mwisho ya Machi ni saa saba. Hapo ndipo mahojiano hupotea, si kwenye mitambo! Tangu Juni hadi Novemba, msimu wa vimbunga, daftari lako huwa na namba mbili kwa kila kisiwa, kwa kuwa minara ya simu huanguka.

Maombi yetu ni mawili. Daftari hilo linakiliwe. Na santuri zirekodiwe kwenye kompyuta bila faili kubanwa, baada ya kuoshwa, kwani vumbi likirekodiwa ni kazi ngumu kuliondoa.

Tunaomba kuwasilisha.